Mlango Uko Wazi, Lakini Nani Anaweza Kuingia?



Miaka michache iliyopita niliombwa kutoa mada katika semina ya akina mama mjini Morogoro. Mada yangu ilikuwa matumizi ya fedha nyumbani, nami nilijiandaa kwa wiki nzima. Mwanangu alinisaidia kuchora majedwali kwenye kompyuta, tukaazima projekta, na siku ilipofika nilisimama mbele ya akina mama zaidi ya 60 nikiwa na furaha tele. Niliwaonyesha ukutani jinsi mshahara unavyogawanyika. "Mnaiona hii?" niliwauliza. "Hii ndiyo inayotumaliza! Tukipunguza hii, ile pale inaongezeka." Akina mama walicheka, wakapiga makofi, wengine wakaandika katika madaftari yao.

Wakati wa chai, mama mmoja mwenye fimbo nyeupe aliomba nikae karibu naye. Alinishika mkono na kunishukuru kwa upole. Kisha akasema, "Mwalimu, sauti yako inasikika vizuri, na nimekufuata tangu mwanzo. Ila nina swali moja tu. Ile inayotumaliza ni ipi?"

Nilikosa la kusema. Mama huyu alikuwa amelipa ada ya semina sawa na wenzake. Alikuwa amefunga genge lake la mboga siku nzima ili aje kujifunza. Na kwa saa mbili nzima mimi nilikuwa nikimwambia "hii" na "ile". Jambo lenyewe lilikuwa matumizi madogo madogo ya kila siku ambayo hatuyaandiki: soda, vocha, nauli ya bodaboda. Ningeweza kulitaja kwa sentensi moja, wala nisingechelewa. Nilipomweleza alicheka, akasema hata kwake ndiko fedha zinakopotelea.

Nilimwuliza kwa nini hakunyoosha mkono. Akajibu, "Mama, nimezoea. Ukiuliza mara moja, watu wanakuvumilia. Ukiuliza mara ya pili, wanasema huyu ni msumbufu. Basi mimi huwa nanyamaza, narudi nyumbani, na mwaliko mwingine ukija siendi."

Neno hilo "siendi" limekaa moyoni mwangu hadi leo. Hebu tulizungumze mwezi huu.

KIZUIZI KIKO WAPI?

Zamani mimi nilidhani kwamba mtu asiyeona hapati somo kwa sababu haoni, na kwamba mtu mwenye kiti cha magurudumu haingii ofisini kwa sababu hatembei. Siku ile ya Morogoro niliona kosa langu. Mama yule alikuwa na masikio mazuri na akili nzuri kuliko wengi wetu. Kilichomzuia ni namna nilivyosema. Vivyo hivyo, mwenye kiti cha magurudumu hufika popote penye njia. Kinachomsimamisha ni ngazi tatu za mlangoni, na ngazi hizo zilijengwa na watu.

Pengine utasema, "Katika kikundi chetu hatuna walemavu." Dada yangu, una hakika? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wapatao bilioni 1.3 duniani wana ulemavu mkubwa, yaani karibu mtu mmoja katika kila sita. Wengi wao huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Yuko mama asiyesikia vizuri kwa sikio moja, ambaye hutikisa kichwa tu ili asionekane mjinga. Yuko mwenye uoni hafifu asiyesoma maandishi ya ubaoni. Yuko bibi ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ghorofani. Na wako wale ambao hawamo kikundini kwa sababu walikuja mara moja, wakashindwa, wakasema, "Siendi."

Tukumbuke pia kwamba ulemavu si mgeni wa nyumba za wengine. Kisukari, shinikizo la damu, ajali za barabarani na uzee hubisha hodi kwa kila mmoja. Njia tunayomtengenezea jirani leo huenda tukaipita wenyewe kesho.

UNAPOSIMAMA MBELE YA WATU

Wengi wetu siku hizi tunaombwa kuzungumza: kwenye vikoba, mikutano ya shule, semina, na hata kazini. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

Kwanza, taja unachoonyesha. Badala ya kusema "kama mnavyoona hapa", sema, "Picha hii inaonyesha kwamba nusu ya mshahara inakwenda kwenye chakula." Utaona kwamba hata wenye macho wataelewa vizuri zaidi. Maandishi muhimu yaliyo ukutani yasome kwa sauti.

Pili, tumia kipaza sauti kama kipo. Akina mama tuna tabia ya kusema, "Mimi sauti yangu inatosha." Inamtosha nani? Asiyesikia vizuri hatasimama mbele ya watu 60 kukukatalia. Na mtu wa nyuma akiuliza swali bila kipaza sauti, lirudie swali lake kabla ya kujibu.

Tatu, watazame watu unapozungumza. Wako wanaofuata maneno kwa kutazama midomo. Ukigeukia ukuta, au ukifunika mdomo kwa karatasi, umewazimia taa.

Nne, andika kwa herufi kubwa. Maandishi ya ukutani yasipungue ukubwa wa 24, na yawe machache. Rangi zitofautiane vizuri: nyeusi juu ya nyeupe inasomeka, lakini njano juu ya nyeupe inawachosha hata wenye macho mazima. Wala usitegemee rangi peke yake. Ukisema "yenye nyekundu ni hasara na yenye kijani ni faida", wako watu, hasa wanaume, wasiotofautisha rangi hizo mbili. Andika pia maneno "hasara" na "faida".

Tano, ukigawa vitini, toa nakala chache za herufi kubwa, ukubwa wa 18 hivi. Ndugu zetu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na jua kali huwaumiza macho. Waachie viti vya mbele, mahali ambapo mwanga wa dirishani hauwapigi usoni. Anayetumia simu au kompyuta inayosoma kwa sauti mtumie maandishi yako siku moja kabla.

Sita, kama yuko kiziwi anayetumia lugha ya alama, mtafute mkalimani mapema. Wengine husema, "Tutamwandikia kwenye karatasi." Lakini viziwi wengi walikosa nafasi ya kusoma, na kwao Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Mkalimani asimame karibu na mzungumzaji, mahali penye mwanga, na apewe mada kabla ya siku ile. Usizungumze na mkalimani ukisema "mwambie hivi". Zungumza na mama mwenyewe, ukimtazama yeye.

TANGAZO LILILOPOTEA

Siku hizi habari zetu nyingi hupitia kwenye simu. Mkutano wa wazazi, michango ya harusi, ratiba ya kikundi, yote yanatumwa kwa WhatsApp. Nasi hupenda yapendeze! Tangazo linatengenezwa kama picha, lenye maua pembeni na maandishi ya dhahabu.

Je, wajua kwamba watu wasioona wanatumia simu hizi hizi tunazotumia sisi? Ndani ya simu nyingi za Android imo programu inayosoma skrini kwa sauti, iitwayo TalkBack, na katika iPhone iko nyingine iitwayo VoiceOver. Mtu hupitisha kidole juu ya skrini, nayo simu humsomea maneno yaliyopo. Kwa kompyuta iko NVDA. Hiyo ilianzwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, kwa sababu programu za namna hiyo zilizokuwapo ziliuzwa kwa bei ambayo wengi hawakuimudu. Baadaye alishirikiana na rafiki yake James Teh, ambaye naye haoni. Hadi leo NVDA hutolewa bure.

Lakini programu hizi zinategemea maandishi. Likija tangazo lililochorwa ndani ya picha, mara nyingi simu humwambia mwenyewe neno moja tu: "picha". Maua hayaoni, wala tarehe haijui. Dawa yake ni rahisi: chini ya picha yako, andika tangazo lote kwa maneno. Ni kazi ya dakika mbili.

Na wale tunaopenda kurekodi sauti tujikague vilevile. Ujumbe wa sauti wa dakika tano ni mzuri kwa asiyeona, lakini kwa kiziwi ni ukimya mtupu. Kwa hiyo jambo kubwa lolote litumwe kwa njia mbili: kwa maandishi, na kwa sauti au picha. Ukituma video, weka maneno yake kwa maandishi chini yake.

Kama binti yako au mume wako anatengeneza tovuti ya shule, ya duka au ya ofisi, mwambie kwamba kanuni za kazi hiyo zipo tangu zamani. Mwaka 1999 shirika la W3C, linaloweka kanuni za tovuti duniani, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, nao umeboreshwa mara kadhaa. Mambo yake ya msingi yanaeleweka hata kwetu tusio mafundi. Kila picha iandikiwe maelezo mafupi yatakayosomwa na programu. Maandishi yatofautiane vya kutosha na rangi ya nyuma yake. Mtu asiyeweza kutumia kipanya aweze kufika kila mahali kwa vitufe vya kibodi. Na fomu ieleze wazi kila nafasi inahitaji nini.

Ukitaka kuonja mwenyewe, washa TalkBack katika simu yako, ufumbe macho, ujaribu kusoma tangazo la mwisho la kikundi chako. Ila nakuonya, jifunze kwanza namna ya kuizima! Ikiwa imewashwa, mguso mmoja huchagua tu, na ili kufungua kitu unagusa mara mbili haraka. Mimi nilihangaika nayo hadi mwanangu alipotoka shule.

KAZI ISIPOTEE KWA SABABU YA NGAZI

Sasa tuende mahali pa kazi. Ninaye rafiki tuliyesoma naye, karani wa masjala katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kisukari kilimfanya akatwe mguu mmoja chini ya goti. Alipopona alirudi kazini kwa kiti cha magurudumu, akiwa na watoto wawili sekondari na mume aliyekuwa hana kazi. Masjala ilikuwa ghorofa ya pili, na lifti haikuwapo. Wakubwa wake walimwonea huruma. Wakamwambia ni vema akapumzike nyumbani, watamwandikia barua nzuri ya kumstaafisha.

Dada zangu, huruma ya namna hiyo ingewatoa wale watoto shuleni. Mikono yake ilikuwa mizima, na hakuna mtu pale ofisini aliyejua mafaili kuliko yeye. Aliyemwokoa ni mhudumu wa ofisi, mama wa kufagia, aliyeuliza swali ambalo wakubwa hawakuliuliza: "Kwani masjala haiwezi kushuka?" Chini kulikuwa na chumba kilichojaa viti vibovu. Viti vilitolewa, makabati yakashushwa, na katika siku mbili masjala ilikuwa chini. Rafiki yangu akabaki na kazi yake.

Hata hivyo, miezi miwili baadaye alilazwa hospitali. Daktari aligundua kwamba tangu asubuhi hadi saa kumi jioni alikuwa hanywi maji kabisa. Sababu? Mlango wa choo ulikuwa mwembamba, kiti chake hakipiti, naye aliona aibu kusema mbele ya wanaume. Ni wangapi kati yetu tungefikiria jambo hilo? Fundi aliitwa, akapanua mlango, akaugeuza ufunguke kwa nje, na kufunga bomba imara ukutani la kushikilia. Sasa anakunywa maji kama mtu mwingine yeyote.

Kwa wale wanaojenga au kukarabati, haya ni ya kumwambia fundi. Mlango uwe na nafasi ya kupita ya sentimita 80 au zaidi; 90 ni bora. Mahali pa kugeuzia kiti pawe na upana wa sentimita 150 kila upande. Na njia ya mteremko isiwe mkali. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180, na ngazi tatu za kimo hicho zinahitaji sentimita 540. Nimeona majengo yaliyowekewa mteremko mfupi uliosimama kama bati la paa. Huo haumsaidii mtu, humwangusha.

Si kila badiliko ni la saruji. Mfanyakazi kiziwi atumiwe maagizo kwa maandishi, na king'ora cha moto kiwe na taa inayowaka. Asiyeona apewe kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, na vitu visihamishwe ovyo njiani. Na wakati wa usaili, mwulize kila anayekuja, mlemavu na asiye mlemavu, kama anahitaji msaada wowote siku hiyo.

SHERIA INASEMA NINI?

Mambo haya si hisani tu. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006, nao unazitaka nchi kuondoa vizuizi katika majengo, usafiri na habari. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kupata habari, na haki ya kutumia lugha ya alama na nukta nundu.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto mwenye ulemavu, usiombe kana kwamba unaomba upendeleo. Unapokwenda shuleni kuuliza kuhusu choo au kiti cha mbele, unadai kilicho haki ya mtoto wako. Sema kwa heshima, lakini sema.

MWULIZE MWENYEWE

Huenda unajiuliza, "Nitayakumbukaje yote haya?" Huhitaji kuyakumbuka yote. Jifunze swali moja: "Tufanye nini ili ushiriki vizuri?" Uliza mapema, kabla ukumbi haujakodishwa, na usikie jibu. Usimdakie asiyeona mkono na kumvuta. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe. Usisukume kiti cha mtu bila kumwomba ruhusa. Usimwulize msindikizaji wake, "Huyu anakunywa chai ya maziwa?" Yeye mwenyewe yupo, mwulize. Wafundishe na watoto wako hivyo, kwani wao huiga tunavyotenda.

Na mwezi huu ninakupa kazi ndogo. Kabla ya mkutano wenu ujao, zunguka mahali mnapokutania ukijiuliza: Mlangoni kuna ngazi ngapi? Choo kinafikika? Aliyekaa nyuma anasikia? Tangazo letu lilisomeka na kila mtu? Na ni nani aliyekuwa akija zamani, siku hizi haji? Huyo wa mwisho mtembelee nyumbani. Usiende kumlaumu, nenda ukamwulize.

Mwaka uliofuata nilialikwa tena Morogoro. Safari hii nilimpigia simu mapema yule mama wa genge, nikamsomea mada yangu yote. Alinikosoa mahali pawili. Siku ya semina alikaa mstari wa mbele na fimbo yake, akauliza maswali matatu. Mawili niliyajibu. La tatu, kuhusu riba za mikopo, lilinishinda, naye akalijibu mwenyewe mbele ya akina mama wote.

Tukutane tena mwezi ujao.